Kuhifadhi mapambo ya Krismasi Malindi: mwongozo kamili kwa nyumba za pwani

Kuna Novemba moja niliteremsha katoni ya mapambo kutoka juu ya kabati, Majilio yako mlangoni, na kabla sijaifungua nikasikia harufu ya ukungu. Ndani, mipira ya rangi ilikuwa imebambuka kama maganda ya kitunguu. Gauni jeupe la malaika wa kileleni lilikuwa na madoa ya kutu, kila doa mahali pale pale ndoano ya waya ilipokuwa imelala. Plagi ya taa ilikuwa imeota kijani. Na chini kabisa, kwenye pembe ya katoni, palikuwa na mchanga uliolowa chepechepe. Ulikuwa mchanga wa ufukweni tuliotandikia pango la Mtoto Yesu, nami mwenyewe ndiye niliyeuzoa pamoja na sanamu na kuutia humo, kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kurudi kazini.

Nililia kidogo kwa ajili ya yule malaika. Alishonwa na mama yangu.

Tangu siku hiyo nimejifunza jambo moja ambalo ndilo msingi wa yote nitakayoeleza hapa: Malindi, pambo haliharibiki Desemba likiwa limetundikwa. Huharibika kati ya Aprili na Julai, likiwa limefungwa na hakuna anayelitazama. Linaloliua ni unyevu, na unyevu huitwa na chumvi. Angalia kichupa cha chumvi jikoni wakati wa masika, jinsi chumvi inavyoshikana mpaka uipige kwa kijiko. Chumvi ile ile, inayoletwa na upepo wa bahari, imetua juu ya mipira yako, waya zako na majani ya mti wako. Ukiifungia ndani ya sanduku, utakuwa umefungia humo kitu kitakachonyonya maji miezi yote ya mvua. Ndiyo maana ushauri wa nchi za baridi, wa kutia kila kitu katonini na kukipandisha darini, hautufai sisi.

Siku ya kuyashusha

Wengi huyashusha mapambo baada ya Tokeo la Bwana, tarehe 6 Januari. Wakatoliki wengine hungoja Ubatizo wa Bwana, ambapo majira ya Noeli hufungwa rasmi. Wapo pia wanaoyaondoa mara tu baada ya mwaka mpya kwa sababu shule zinafunguliwa na sebule inahitaji nafasi. Yote sawa. Kwangu mimi, tarehe si muhimu kama hali ya hewa ya siku yenyewe.

Tuna bahati kwamba Januari na Februari ni miezi ya kaskazi, jua kali na mvua haba. Tumia bahati hiyo. Chagua siku kavu, anza saa nne asubuhi umande ukishakauka, na uhakikishe masanduku yamefungwa kabla ya saa kumi na moja jioni, hewa inapoanza tena kuwa nzito. Usifanye kazi hii usiku baada ya kutoka kibaruani, hata kama ndio wakati pekee unaoona unao. Hewa ya usiku ina unyevu, nawe ukifunga kifuniko unaifungia humo humo. Afadhali mti ukae sebuleni juma moja zaidi.

Lakini usiache mpaka Pasaka. Pasaka huangukia kati ya 22 Machi na 25 Aprili, na masika hayakungoji. Kufika Mei, mwezi wa mvua nyingi zaidi kwetu, hakuna kitu kitakachokauka vizuri tena.

Utakapoweka vitu

Tupa wazo la katoni. Katoni hunyonya maji, mchwa huila, na mende hupenda gundi yake. Katoni iliyotoka dukani huenda inakuja na mayai ya mende yamebanwa kwenye mikunjo, vile vibumba vidogo vya kahawia kama punje ya maharage. Nunua masanduku ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, na kama yanaonyesha ndani ni bora zaidi kwa sababu hutalazimika kuyafungua ovyo. Bei ikikushinda, ndoo ya rangi ya lita 20 iliyooshwa vizuri haishindwi na kitu. Mafundi rangi huuza ndoo tupu kwa bei nafuu. Ioshe, ianike wazi siku mbili, na usiitumie kama bado ina harufu ya rangi.

Sanduku la bati la shule linafaa tu ikiwa halijaanza kutu, nalo lazima litandikwe nguo ndani. Begi kuukuu la safari ni zuri kwa mti.

Kwa kufungia, chukua leso kuukuu, mashuka yaliyochakaa, fulana za watoto zisizowatosha tena, soksi zilizopoteza wenzake. Zifue na kuzianika mpaka zikauke kabisa. Gazeti ni la kujazia nafasi tu, lisiguse kitu cheupe, maana wino wake huhama kwenye joto. Na mfuko wa mkate au wa unga usiuingize humo. Hata ukiukung'uta vipi, sisimizi wataupata.

Kupangusa chumvi

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo iliyo kubwa kuliko zote. Pitisha kidole juu ya mpira wa plastiki uliokaa mwezi mzima karibu na dirisha. Utahisi unanata kidogo. Basi hiyo ndiyo chumvi. Anayeishi Mayungu, bahari ikiwa pua na mdomo, atakuta nyingi kuliko anayeishi Ganda, lakini hata Ganda ipo.

Weka mabeseni mawili ya maji baridi yasiyo ya chumvi. Maji ya kisima cha karibu na bahari mara nyingi yana chumvi, kwa hiyo tumia ya mfereji au ya mvua. La kwanza litie sabuni kidogo, la pili liwe maji matupu. Chovya kitambaa laini, kikamue mpaka kisidondoshe tone, pangusa pambo, kisha lipanguse tena kwa kitambaa cha maji matupu. Usiyatose mapambo majini, hasa yale ya kung'aa: maji huingia kwenye tundu la ndoano na kubaki ndani ya mpira, na rangi hubambuka kutokea ndani. Mipira ya kioo ya zamani, iliyopakwa rangi kwa mkono, ipanguse kwa brashi kavu tu.

Halafu anika. Kivulini, si juani. Jua la Januari hupausha rangi nyekundu na kuifanya plastiki iwe kavu na kukatika. Tandika mkeka barazani, panga vitu visigusane, geuza baada ya saa moja. Mimi huviacha kwa muda wa saa tatu mpaka nne. Usivianike chini ya mwembe, utomvu na kunguru watakurudisha mwanzo.

Taa

Zichomeke kwanza. Ziwashe dakika kumi na uangalie ni zipi zimekufa, maana hakuna haja ya kuhifadhi takataka mwaka mzima. Zikizimwa na kuchomolewa, pitisha waya wote kati ya vidole viwili, polepole, ukitafuta mahali palipochunika, palipoliwa na panya au palipobabuka kwa joto. Umeme wetu ni wa volti 240. Waya uliochunika kwenye mti mkavu ndani ya nyumba ya makuti ni moto unaongoja siku yake. Usiufunge kwa selotepu. Mpelekee fundi wa umeme, au ukate plagi usije ukatumiwa na mtoto, kisha uutupe.

Pini za plagi zipanguse kwa kitambaa kikavu. Zikiwa na kutu ya kijani, zisugue kwa msasa laini mpaka shaba ing'ae, hakikisha vumbi limetoka lote, kisha uzifunge kwa kitambaa kikavu na uzi.

Kukunja ndiko kunakowashinda watu. Taa zilizosokotwa kiganjani na kutupwa sandukuni zitakupotezea asubuhi nzima ya Desemba, na waya huvunjika ndani bila kuonekana. Kata kibao chepesi au kipande cha plastiki ngumu, upana wa kiganja, urefu wa mkono mpaka kiwiko. Kikate ufa kila mwisho. Bana mwisho usio na plagi kwenye ufa wa kwanza, zungusha waya bila kuuvuta, umalizie kwa plagi kwenye ufa wa pili. Kwa kuwa plagi iko nje, mwakani utaijaribu kabla hata hujaukunjua. Andika juu ya kibao: "mti, mita 10" au "dirishani".

Taa za betri ziondolewe betri. Zote, hata zile ambazo bado zina nguvu. Betri ikikaa kwenye joto huvuja. Ukikuta imeshavuja unga mweupe, vaa glavu. Kama imeandikwa kuwa ni ya alkalini, chovya pamba kwenye maji ya ndimu, sugua, halafu pangusa kwa kitambaa kilicholowa kidogo na uache pakauke kabisa. Ndimu hukata ule ukali. Betri ndogo za duara, kama kitufe, ziweke mbali sana na watoto. Mtoto akimeza moja huungua ndani kwa muda mfupi, ni ya kukimbiza hospitali papo hapo.

Mti

Wengi wetu huku hatutumii mti wa plastiki, tunakata tawi la mvinje. Lina majani membamba kama sindano, linanyooka vizuri, na halina gharama. Tawi hilo halihifadhiwi. Baada ya majuma mawili ni kuni tayari, na kuni nzuri kweli, mvinje una moto wenye nguvu. Litoe nje siku ile ile uliyoondoa taa, lipasue, likaushe, pikia. Majani yake yatandaze chini ya mipapai au mimea ya bustani kuzuia ardhi isikauke. Usiliegemeze ukutani chini ya makuti. Jani la mvinje likikauka linashika cheche upesi, na upepo wa kaskazi unajua kazi yake.

Mti wa plastiki unahitaji subira. Utoe nje ukung'ute, kisha upanguse tawi kwa tawi kuanzia juu, ukifuata mwelekeo wa majani. Uache wazi kivulini mpaka mchana upite. Kabla ya kuuchomoa, paka tone la rangi ya kucha kwenye shina la kila safu na tone la rangi hiyo hiyo kwenye tundu lake: nyekundu kwa safu ya chini, nyeupe kwa ya kati, na kadhalika. Mwakani hata mtoto wa darasa la pili ataupanga. Stendi ya chuma ndiyo ya kwanza kushika kutu, kwa hiyo ipake vaselini kwa wepesi na uifunge peke yake kwenye nguo. Usilazimishe mti urudi kwenye katoni yake ya awali. Ukunje, ufunge kamba za kitambaa mahali patatu, uuvike shuka kuukuu.

Pamba mliyoiweka mfano wa theluji itupeni au ijazeni kwenye mito ya kulalia. Pamba hukaa na maji kuliko kitu chochote.

Pango la Mtoto Yesu

Hapa nitakawia, kwa sababu hapa ndipo nilipopoteza vingi, na kwa sababu vitu hivi mtu huvithamini kuliko mpira wa dukani.

Nyasi, makuti na majani ya pango vyote vitoke. Usihifadhi hata kimoja. Huko ndiko wadudu walikotaga. Mchanga urudi ulikotoka. Kama ulitoka ufukweni una chumvi, na chumvi hiyo ikishikamana na sanamu ya plasta huvuta unyevu mpaka plasta ilainike na kumomonyoka kama biskuti iliyochovywa chaini. Wachungaji wangu wawili walipoteza miguu hivyo. Mwakani, kama unataka mchanga, tandika kitambaa chini ya sanamu, au tumia mchanga wa mto uliooshwa.

Sanamu za plasta haziguswi na maji. Tumia brashi laini ya rangi, mpya, anzia kichwani ushuke, kisha uzipindue utoe mchanga ulioingia chini kwenye wayo. Za mbao zipanguse kwa kitambaa kikavu, halafu uzitazame vizuri. Ukiona vitundu vidogo na unga laini unaomwagika ukiigonga sanamu mezani, kuna mdudu ndani. Itenge na zenzake leo hii. Ifunge ndani ya mfuko usiopitisha hewa, iweke kwenye friza ya baridi kali majuma mawili, kisha iache irudi kwenye joto la kawaida ikiwa bado imefungwa, ili umande wa baridi usitue juu yake.

Kila sanamu ivikwe nguo yake na ilazwe, isisimamishwe. Shingo na vidole ndivyo huvunjika kwanza, kwa hiyo vitangulie kufungwa kitambaa laini. Wanyama wazito chini, mamajusi juu. Zihesabu kwa sauti unapozifunga. Mtoto Yesu, kwa kuwa ni mdogo, huishia kutupwa pamoja na nyasi au kubaki ndani ya leso inayorudi kwenye kabati la nguo. Nyumbani kwetu ana soksi yake ya buluu iliyofungwa fundo, na soksi hiyo iko ndani ya kikopo cha maziwa kilichoandikwa kwa herufi kubwa.

Mipira, nyuzi na nguo

Ndoano zote ziondoe kwenye mipira uzitie kwenye kichupa kikavu. Nimeshaeleza zilimfanya nini malaika. Kama doa la kutu limekwisha kuingia kwenye nguo nyeupe ya pamba, kamulia ndimu, nyunyiza chumvi, anika juani mpaka pakauke, kisha suuza sana. Rudia mara mbili au tatu. Gauni la mama lilitakata karibu lote.

Mipira ikae kwenye trei za mayai, safi na kavu, ndani ya sanduku la plastiki. Nyuzi za kung'aa zizungushie chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu, la sivyo zitakuwa fundo. Mishumaa ya Majilio, ile mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi, kama haijaisha, ifunge mmoja mmoja kwa karatasi na uilaze mahali pa baridi chini. Joto la chini ya mabati huikunja kama ndizi.

Vitambaa vya meza na vya altare vifuliwe hata kama vinaonekana safi, maana tone la soda lisiloonekana leo ni doa la kahawia mwezi wa Juni. Usivitie wanga. Wanga ni chakula cha vile vidudu vya rangi ya fedha vinavyokimbia ukifungua kitabu cha zamani. Vipige pasi, viache vipoe na kukauka, kisha vizungushe kwenye bomba lililofungwa nguo badala ya kuvikunja.

Vilivyoharibika visichomwe. Moshi wa mti wa plastiki na nyuzi za kung'aa ni sumu. Wala visiachwe uani vipeperuke, kwa sababu mwisho wake ni ufukweni, na bahari yetu, yenye hifadhi tangu 1968, ina kasa ambao humeza plastiki wakidhani ni chakula. Vifunge barabara vipelekwe na taka.

Dawa ya wadudu

Mwarobaini unatosha. Kausha majani kivulini mpaka yavunjike ukiyafikicha, yashone ndani ya vifuko vya kitambaa, weka viwili katika kila sanduku, badilisha baada ya miezi sita. Yanafukuza tu, hayaui wadudu waliokwisha kuingia. Ndiyo maana usafi hutangulia. Nafthalini mimi siitumii: hulainisha baadhi ya plastiki, na watoto huiona kama peremende ilhali ni sumu. Wengine huweka mchele mkavu wa kunyonya unyevu. Mchele utaleta fukusi. Ukipata vile vipakiti vidogo vinavyokuja ndani ya viatu vipya na mikoba, vikusanye mwaka mzima, ndivyo vifaavyo.

Mahali pa kuyaweka

Si sakafuni, si ukutani, si chini ya bati. Kuta za mawe ya matumbawe hupitisha unyevu kutoka ardhini, kwa hiyo acha nafasi ya kiganja kati ya sanduku na ukuta. Inua masanduku kwa matofali na ubao, au kwa vipande vya boriti, ili hewa ipite chini nawe uone mchwa akianza kujenga njia yake ya udongo. Penye makuti, funika juu kwa shuka, maana vumbi lake halikomi, na panya huishi humo. Mahali pazuri katika nyumba nyingi ni chini ya kitanda cha chumba kisicho na bafu, au juu ya kabati lililo mbali na dirisha la baharini, mradi kuna dari.

Daftari na kupitia tena

Yape masanduku nambari. Kwenye daftari andika kila nambari ina nini, na taa ngapi zinawaka. Andika pia vilivyoazimwa. Jirani yangu Mwislamu huchukua taa zangu za dirishani kwa Maulidi na harusi, nami huchukua mapazia yake meupe kwa Krismasi. Tunaandikiana, na hakuna aliyewahi kumkasirikia mwenzake.

Kisha fungua mara mbili. Mwisho wa Machi, siku kavu, kabla ya mvua: nusa, gusa. Agosti, masika yakishapita: toa vitu barazani kwa muda wa saa mbili vipate hewa, badilisha mwarobaini. Ukikuta ukungu, pangusa kwa siki, anika, na usirudishe sanduku mpaka ujue unyevu uliingilia wapi. Mara nyingi ni kifuniko kilichopasuka, au kitambaa kimoja kilichoingia kibichi. Mwaka jana kwangu ilikuwa soksi ya buluu. Niliifua usiku, nikaona imekauka, kumbe fundo bado lilikuwa na maji.